Taa inawaka, intaneti haiji: kompyuta mpya na waya wa mtandao

Swali: "Shikamoo fundi. Nimeunganisha kompyuta yangu ya kwanza mwenyewe, kuanzia kasha mpaka feni. Inawaka vizuri na nimeweka Windows, lakini intaneti ya waya haiji kabisa. Kwa nyuma, taa ya tundu la mtandao inawaka rangi ya chungwa. Kwenye skrini, pale chini pembeni, naona alama ya dunia tu. Waya huohuo nikiuchomeka kwenye laptopu yangu ya zamani napata intaneti bila shida. Nimefuta Windows na kuiweka upya mara mbili, nimebadilisha waya, nimezima ruta na kuiwasha. Ubao mama hauna waifai. Je, tundu limekufa? Nirudishe ubao dukani?"

Jibu:

Marahaba, na hongera. Kuunganisha kompyuta kwa mara ya kwanza ikawaka bila kutoa moshi si kazi ndogo. Nianze na swali lako la mwisho: usiurudishe, angalau si leo. Kwa maelezo yako, nina imani kubwa kwamba ubao ni mzima na kinachokosekana ni programu moja ndogo. Lakini mimi siuoni ubao huo, wewe unauona, kwa hiyo nitakuonyesha namna ya kuhakikisha mwenyewe.

Umenipa vidokezo vitatu vizuri: taa inawaka, laptopu inapata intaneti kwa waya huohuo, na Windows umeiweka mara mbili pasipo mabadiliko yoyote. Hicho cha tatu ndicho kilichokutia hofu, nadhani. Umejiambia, "Kama nimeiweka upya na bado, basi kifaa ni kibovu." Mimi nakisoma kinyume chake, na sababu ni hii.

Chipu ya mtandao iliyo kwenye ubao mama haingoji Windows ndipo iwashe taa. Ukichomeka waya, chipu na ruta husalimiana zenyewe, hukubaliana kasi, na taa huwaka. Jaribu hivi: zima kompyuta lakini acha waya wa umeme umechomekwa. Kwenye mbao nyingi taa ya mtandao itaendelea kuwaka ingawa kompyuta imezimwa, kwa sababu chipu huachiwa umeme kidogo ili iweze kuiamsha kompyuta ikiitwa kupitia mtandao. Kwa hiyo taa yako inashuhudia mambo mawili tu: waya unafikisha, na chipu ina uhai. Haishuhudii kwamba Windows inaifahamu chipu hiyo. (Rangi ya chungwa yenyewe isikusumbue. Kila mtengenezaji ana rangi zake za kuonyesha kasi. Kitabu cha ubao wako kina jedwali dogo la taa hizo, kwa kawaida kwenye ukurasa wenye mchoro wa matundu ya nyuma.)

Ili Windows izungumze na chipu inahitaji draiva, ndiyo ile programu ndogo niliyoitaja mwanzo. Flashi ya kuweka Windows huja na draiva nyingi ndani yake, lakini ni zile zilizokuwepo siku picha ya mfumo (yaani faili la kuwekea Windows) ilipotengenezwa. Mbao za miaka ya karibuni zina chipu za kasi ya gigabiti 2.5 kwa sekunde, na unazoweza kukutana nazo zaidi ni Realtek RTL8125, Intel I225-V na Intel I226-V. Ukitumia picha ya Windows iliyo kongwe kuliko chipu, Windows itaingia vizuri, skrini itawaka, sauti pengine italia, ila mtandao utakuwa kimya. Na ukirudia kuiweka kutoka flashi ileile, unamwuliza mtu yuleyule swali ambalo hakuwa na jibu lake mara ya kwanza. Ungerudia mara kumi ungepata dunia ileile pale pembeni.

Ubaya wa tatizo hili ni kwamba dawa yake iko kwenye intaneti, yaani ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Zamani mbao zilikuja na diski yenye draiva. Siku hizi diski hiyo mara nyingi haipo, na hata ikiwepo, kasha lako pengine halina pa kuitia.

Sasa tuhakikishe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika maneno haya, kisha Enter:

ncpa.cpl

Litafunguka dirisha linaloorodhesha kadi za mtandao ambazo Windows inazitambua. Naamini dirisha hili kuliko ile alama ya dunia, kwa sababu alama ya dunia hutokea kadi isipoonekana, waya ukichomoka, na hata pale kila kitu kikiwa sawa isipokuwa intaneti yenyewe. Haisemi ni lipi kati ya hayo. Dirisha hili linasema. Likiwa tupu kabisa, Windows haina draiva au haioni chipu. Likionyesha kadi yenye alama nyekundu ya X, draiva ipo lakini chipu haisikii kitu upande wa pili wa waya. Likionyesha kadi ambayo mtandao wake haujatambuliwa, basi draiva na waya vyote ni vizima, na shida iko kwenye anwani, ile namba ambayo kompyuta hupewa na ruta. Ukishajua uko kwenye lipi kati ya hayo matatu, umeshapunguza safari kwa nusu.

Natabiri kwako litakuwa tupu. Kama ni hivyo, rudia Windows na R, safari hii uandike:

devmgmt.msc

Hapa utaona orodha ya vifaa vyote. Tafuta kundi la vifaa visivyotambuliwa, vyenye alama ndogo ya njano. Kimoja kitaitwa "Ethernet Controller" au jina linalofanana na hilo. Bofya mara mbili, nenda kwenye ukurasa wa maelezo, na kwenye kisanduku cha kuchagua chukua "Hardware Ids". Utaona mstari wenye VEN na DEV. Huo ndio utambulisho halisi wa chipu, hata kama sanduku la ubao limeandikwa vingine. VEN_8086 ni Intel. (Si bahati nasibu: 8086 ndiyo prosesa yao ya mwaka 1978, na namba hiyo wameibeba mpaka leo.) VEN_10EC ni Realtek. Upande wa DEV, 15F3 ni I225-V, 125C ni I226-V, na 8125 ni RTL8125. Andika namba hizo kwenye karatasi.

Kisha chukua ile laptopu yako ya zamani, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza ubao mama, fungua ukurasa wa modeli yako hasa, na upakue draiva ya mtandao wa waya. Nasema modeli yako hasa kwa sababu majina ya mbao hufanana mno. Herufi moja mwishoni hubadilisha mambo, na hata ubao wenye jina lilelile unaweza kuwa na toleo la 1.0 na la 1.1 lenye chipu tofauti. Namba ya toleo huwa imechapishwa kwenye ubao wenyewe, mara nyingi pembeni. Hapo ndipo ile karatasi ya VEN na DEV inapokuokoa: usiweke draiva ya Realtek kwenye chipu ya Intel halafu ukalaumu ubao. Na tafadhali, zikimbie zile tovuti zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimesafisha kompyuta nyingi zilizopitia huko.

Ihamishe kwa flashi, iweke, uwashe upya kompyuta. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Kama flashi inakusumbua, kuna njia ninayoipenda zaidi. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa kebo yake ya USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa njia ya USB. Windows huitambua simu hiyo kama kadi ya mtandao bila kudai draiva nyingine, na ndani ya sekunde chache una intaneti. Simu ikiwa kwenye waifai ya nyumbani, inapitisha waifai hiyo, wala haili bando lako. Ukishaunganishwa, fungua sehemu ya masasisho ya Windows uiache itafute. Mara nyingi itaileta draiva ya mtandao yenyewe pamoja na za vifaa vingine vilivyokuwa vimenuna. Kwa iPhone huenda ukahitaji kwanza programu za Apple kwenye kompyuta, kwa hiyo kama unaweza kuazima Android kwa dakika kumi, azima.

Na kwa yule aliyekwama kabla hajafika hata kwenye skrini kuu, pale Windows 11 inapodai intaneti na haitaki kusonga: bonyeza Shift na F10. Litatokea dirisha jeusi la amri. Chomeka flashi yenye draiva iliyokwisha kufunguliwa kutoka kwenye kifurushi chake (faili za .inf ziwe zinaonekana, si .exe peke yake), na uandike mstari huu, E ikiwa ni herufi ya flashi yako na "lan" likiwa ni folda uliyoweka draiva:

pnputil /add-driver E:\lan\*.inf /subdirs /install

Funga dirisha, rudi nyuma hatua moja kisha usonge mbele, na mtandao utakuwa umejitokeza.

Tuseme sasa utabiri wangu haukutimia: kwenye orodha ya vifaa hakuna kitu chochote cha mtandao, si chenye alama ya njano wala kisicho nayo. Basi Windows haina habari kwamba chipu ipo. Ingia BIOS (mipangilio ya ubao wenyewe, inayofunguliwa kabla Windows haijaanza), tafuta sehemu ya vifaa vilivyojengwa ndani ya ubao, hakikisha kadi ya mtandao haijazimwa. Ni nadra iwe imezimwa kwenye ubao mpya, lakini kama ubao ulishafunguliwa na mtu kabla yako, lolote linawezekana. Ikiwa haikuzimwa, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, chomoa na waya wa mtandao, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe, subiri nusu dakika, kisha rudisha. Najua inasikika kama uganga. Lakini kumbuka niliyosema juu ya chipu kuachiwa umeme hata kompyuta ikizimwa: chipu iliyoganda katika hali hiyo haiganduliwi kwa kuwasha upya, kwa sababu haijawahi kuzimika. Inazimika umeme ukikatika kabisa.

Kipimo cha mwisho cha upande huu ni Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Tengeneza flashi ya Linux inayoendeshwa moja kwa moja bila kuwekwa kwenye diski, iwe ya toleo jipya (RTL8125 ilianza kutambuliwa na kiini cha Linux toleo la 5.4, mwaka 2019), na uwashe kompyuta kutoka humo. Intaneti ikija pale, ubao umeshinda kesi na Windows ndiyo mshtakiwa. Isipokuja, na amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya kwenye ubao, haionyeshi kifaa chochote cha mtandao, sasa una ushahidi wa kumpelekea muuza ubao.

Nigeuke kidogo kwa wale ambao, tofauti na wewe, taa yao haiwaki kabisa. Kwa kompyuta iliyounganishwa nyumbani kuna kosa moja ambalo vitabu havilitaji sana, na mimi lilinila jioni nzima. Ilikuwa kompyuta yangu mwenyewe. Taa haiwaki, nimebadilisha nyaya tatu, nimebadilisha tundu la ruta, nimeapa kwamba ubao ni mbovu. Nilipochukua tochi na kuchungulia kwa nyuma ndipo nikaona: lile bati jembamba linalozunguka matundu, ambalo hupachikwa kwenye kasha kabla ya ubao kuingia, lilikuwa na kijilimi kimoja kilichojikunja kikaingia ndani ya tundu la mtandao. Waya ulikuwa unaingia nusu, haufiki mwisho. Na dalili ilikuwepo tangu mwanzo, ila sikuisikiliza: ukichomeka waya wa mtandao lazima usikie "ta", ule mlio wa kikamatio kukamata. Mimi sikuusikia hata mara moja. Nilifungua skrubu zote, nikautoa ubao, nikakinyoosha kijilimi kwa kidole. Taa ikawaka. Mbao nyingine siku hizi huja na bati hilo likiwa limeshashikizwa, na wenye mbao hizo wamenusurika.

Turudi kwako. Draiva imeingia, kadi inaonekana, lakini intaneti bado. Fungua dirisha la amri (Windows na R, andika cmd, kisha Enter), na humo andika:

ipconfig

Tazama mstari wa anwani ya IPv4. Ikiwa inaanza na 192.168, au 10, au 172.16 mpaka 172.31, ruta imekupa anwani na uko ndani ya mtandao wa nyumbani. Ikiwa inaanza na 169.254, hiyo si anwani uliyopewa na mtu. Kompyuta iliomba anwani, ikaomba tena, haikujibiwa, ikajipachika yenyewe moja kutoka kwenye fungu lililotengwa kwa walionyimwa. Ukiona 169.254 usihangaike na kivinjari wala na mipangilio ya majina ya tovuti. Ombi lako haliifiki ruta, au linafika na ruta inakataa kukujibu.

Na hapa ndipo kile kidokezo chako cha laptopu kinapopata maana ya pili. Kila kadi ya mtandao ina namba yake ya utambulisho, tarakimu 12 zenye namba na herufi, iitwayo anwani ya MAC. Laptopu yako ina ya kwake, kompyuta mpya ina nyingine. Kama aliyekufungia ruta aliwasha orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, laptopu imo na mgeni huyu hamo. Ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie. Na kama waya wako hautoki kwenye ruta bali unatoka moja kwa moja kwenye modemu (kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwa kampuni), tahadhari zaidi: modemu nyingi hukumbuka kifaa cha kwanza zilichokiona na kumhudumia huyo peke yake. Umesema ulizima na kuwasha. Sawa, lakini ilipowaka, nani alikuwa amechomekwa? Kama ni laptopu, modemu imeiapia laptopu kiapo kipya. Zima modemu, chomeka waya kwenye kompyuta mpya, washa kompyuta, kisha washa modemu mwishoni.

Jambo jingine kwenye hatua hii linawahusu waliohamisha diski kutoka kompyuta ya zamani ikiwa na Windows yake. Anwani iliyoandikwa kwa mkono siku za nyuma, programu ya VPN (ya kupitisha intaneti kwenye seva nyingine) iliyosahaulika, kinga ya virusi yenye ukuta wake, vyote huhama pamoja na diski. Kwako haituhusu, kwa sababu Windows yako ni mpya. Na kwa sababu hiyohiyo nakushauri usijisumbue na zile amri maarufu za netsh za kurudisha mtandao mwanzo, ambazo kila mtu hukimbilia kuzitaja. Ni dawa nzuri kwa mfumo uliovurugwa. Mfumo wa siku mbili haujavurugwa na mtu, hauna cha kurudishwa.

Anwani ikiwa nzuri, panda ngazi moja baada ya nyingine. Tazama kwenye ipconfig mstari wa "Default Gateway", hiyo ni anwani ya ruta. Kama ni 192.168.1.1, andika:

ping 192.168.1.1

Ikijibu, wewe na ruta mnaongea. Kisha:

ping 8.8.8.8

Hiyo ni seva ya Google iliyo nje. Ikijibu, intaneti unayo, hata kama alama ya dunia inakukatalia. Kisha jaribu jina badala ya namba:

ping google.com

Namba ikijibu na jina likakataa, tatizo ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye mipangilio ya kadi, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwa mkono, umemaliza. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu ilhali laptopu inafika huko, rudi kwenye ruta: kuna kitu kinachomzuia mgeni.

Kuna hali moja ya kuchekesha inayozipata kompyuta mpya peke yake. Ping zote zinajibu, majina yanajibu, lakini kivinjari kinakataa karibu kila tovuti kikilalamika kuhusu usalama. Kabla ya kitu kingine tazama tarehe pale chini kwenye skrini. Ubao ambao betri yake ndogo ya CR2032 imechoka, au ambao haujawahi kuwekewa saa, unaweza kuamini kwamba tuko miaka kadhaa nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoishi mwaka mwingine inaviona vyote ni batili. Windows hujirekebisha saa kupitia intaneti, lakini tofauti ikiwa kubwa sana huenda isithubutu. Weka tarehe kwa mkono kwenye BIOS. Ikirudi nyuma tena ukichomoa umeme, badilisha betri.

Nimalizie na jambo ambalo hujaliuliza, ila utaniuliza wiki ijayo. Intaneti itakuja, utafurahi, kisha utagundua ama inakwenda polepole au inakatika kwa sekunde chache na kurudi.

Polepole kwanza. Kwenye ncpa.cpl bofya kadi mara mbili, utaona kasi ya muunganiko. Ikisoma gigabiti 1 au 2.5, sawa. Ikisoma megabiti 100 ilhali ruta yako ina matundu ya gigabiti, karibu kila mara ni waya. Ndani ya waya wa mtandao kuna nyaya ndogo nane, zimesokotwa jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia nne tu, zilizo kwenye pini ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka zote nane. Kwa hiyo waya uliokatika mshipa mmoja kati ya ile minne mingine haukatai kazi, unashuka tu mpaka 100 kimyakimya, nawe utaapa kwamba waya ni mzima kwa sababu "intaneti inakuja". Laptopu ya zamani yenye kadi ya megabiti 100 haiwezi kukufichulia hilo hata siku moja. Huhitaji waya wa kifahari: Cat5e, aina ya waya wa kawaida, inabeba gigabiti 1 mpaka mita 100, na kiwango cha gigabiti 2.5 kilichopitishwa na chama cha wahandisi cha IEEE mwaka 2016 kilitengenezwa makusudi kiweze kupita kwenye Cat5e hiyohiyo. Unahitaji waya mzima, basi.

Usije ukajaribu kutibu hili kwa kulazimisha kasi ya megabiti 100 kwenye mipangilio ya kadi. Ukilazimisha upande mmoja, upande wa ruta unakosa mtu wa kujadiliana naye na unaangukia kwenye hali ya kuzungumza kwa zamu, wakati wewe unazungumza muda wote. Mnagongana, na kasi inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Acha mipangilio hiyo kwenye hali ya kujichagulia yenyewe.

Sasa kukatika, hasa pale DEV yako inaposoma 15F3 au 125C. Matoleo ya mwanzo ya I225-V yalikuwa na kasoro kwenye nafasi inayoachwa kati ya pakiti (kipande cha data) moja na nyingine kwa kasi ya gigabiti 2.5, zikapotea pakiti zinapokutana na baadhi ya vifaa. Intel ilikiri na kutoa toleo lililorekebishwa. Ikikatikakatika, weka kasi ya gigabiti 1 kwenye mipangilio ya kadi (hapa hakuna ule mgongano wa megabiti 100, kwa kuwa kwa gigabiti 1 pande mbili bado hujadiliana). Ni kasi inayotosha intaneti ya nyumba nyingi. I226-V nayo ililalamikiwa kwa kukatika ghafla, na kilichowasaidia wengi ni kuzima kipengele cha kubana umeme kinachoitwa "Energy Efficient Ethernet". Kipo kwenye devmgmt.msc, bofya kadi yako mara mbili, ukurasa wa mipangilio ya ndani ("Advanced"). Kizime, weka na draiva mpya kabisa, uangalie siku mbili tatu.

Kwa hiyo lini urudishe ubao? Rudisha ikiwa BIOS inasema kadi imewashwa, umeshaukatia umeme kabisa na kuurudishia, Linux nayo haioni chochote, na waya unaochomekwa unalia "ta" unavyotakiwa. Yakitimia yote manne, chipu imekufa na una haki ya kubadilishiwa. Usipotaka usumbufu wa kufungua kila kitu upya, kadi ya mtandao ya kuchomeka kwenye nafasi ya PCIe iliyo kwenye ubao mama, au hata ile ya USB, itafanya kazi hiyohiyo.

Usifungue skrubu yoyote kwanza. Anza na ncpa.cpl. Ukikwama niandikie mambo mawili tu: ule mstari wa VEN na DEV, na anwani ya IPv4 unayoiona kwenye ipconfig.